Kibanda chekundu cha simu kijijini: kukitambua, kukitengeneza na kukitumia

Msomaji wetu mmoja, Mtanzania aliyehamia katika kijiji cha kaunti ya Shropshire nchini Uingereza na ambaye sasa ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji hicho, ameuliza kuhusu kibanda chekundu cha simu kilichosimama karibu na kanisa lao. Kampuni ya simu ya BT imewaarifu kwamba wanaweza kukichukua kwa pauni 1, na wajumbe wamegawanyika. Wapo wanaotaka kikwanguliwe chote na kupakwa rangi upya, wapo wanaotaka kihamishiwe mbele ya ukumbi wa kijiji, na wapo wanaoona ni chuma chakavu kisichostahili hata hiyo pauni. Anataka kujua watatambuaje thamani yake, watakitengenezaje bila kukiharibu, kama kuna ubaya wa kukihamisha, na kitumiwe kwa kazi gani baada ya simu kuondolewa.

Ndugu msomaji,

Kabla ya kuzungumzia chuma na rangi, kuna jambo ambalo swali lako halikuligusa, nalo ni kama simu iliyomo bado inahitajika. Mpango wa BT wa kuzikabidhi jamii vibanda kwa pauni 1 ulianza mwaka 2008, na maelfu ya vijiji vimeutumia, lakini pauni hiyo hununua kibanda tu; simu yenyewe huondolewa. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, Ofcom, iliweka masharti yanayoizuia kampuni kuondoa simu mahali ambapo angalau mmoja kati ya mitandao minne ya simu za mkononi haufiki, au mahali penye historia ya ajali au ya watu kujiua, au mahali ambapo simu 52 au zaidi zimepigwa katika miezi 12 iliyopita. Shropshire ni kaunti ya vilima na mabonde, na si ajabu kijiji kuwa na mtandao mmoja au miwili tu. Ikiwa hali yenu ni hiyo, ulizeni kwanza kwa maandishi kama simu yenu imepimwa kwa masharti hayo. Kijiji kinachoharakisha kuchukua kibanda kinaweza kujikuta kimeipoteza simu ambayo sheria ingekilindia.

Tukichukulia kwamba simu inaondoka kwa haki, tuje kwenye thamani. Vibanda vya simu vya Uingereza vimepewa herufi K na namba kwa kufuata mpangilio wa kubuniwa kwake. Shirika la Posta, ambalo mwaka 1912 lilichukua huduma za simu kutoka mikononi mwa kampuni binafsi, lilirithi vibanda vya kila sura na kila fundi. Mwaka 1921 likatoa K1, kibanda cha zege chenye mlango wa mbao. Kilikuwa rahisi kutengeneza, ila kilikuwa kizito wa sura, na halmashauri za mitaa ya London hazikukipenda. Kadiri Posta ilivyokisukuma, ndivyo zilivyokikataa barabarani mwao. Mabishano hayo ndiyo yaliyozaa shindano la mwaka 1924 lililosimamiwa na Tume ya Kifalme ya Sanaa, ambapo wasanifu majengo watatu, Sir Giles Gilbert Scott, Sir Robert Lorimer na Sir John Burnet, waliombwa kuleta michoro.

Scott alishinda. Wakati huo alikuwa amekwisha kujulikana kwa Kanisa Kuu la Liverpool, na baadaye angebuni sura ya nje ya kituo cha umeme cha Battersea, daraja la Waterloo, na kituo cha umeme cha Bankside ambacho leo ni jumba la sanaa la Tate Modern. Inafaa kukumbuka kwamba mtu wa kazi kubwa namna hiyo alikaa chini akahangaika na kitu chenye upana usiofika mita moja na robo, kwa sababu uzuri wa kibanda hiki unatokana na kutendewa kama jengo kamili: kina msingi, nguzo za pembeni, paji la juu lenye maandishi, na kuba. Kuba hilo, lililoinama kidogo kila upande badala ya kuwa duara kamili, wanahistoria wengi wa usanifu hulihusisha na kaburi la familia ya msanifu John Soane lililoko kwenye bustani ya kanisa kuukuu la St Pancras, London. Scott alikuwa ameteuliwa karibu na wakati huo kuwa mdhamini wa makumbusho ya Soane, na anayeyatazama mawili hayo kwa siku moja hahitaji kushawishiwa sana. Faida ya umbo hilo ni ya vitendo pia, kwa kuwa maji ya mvua hayatulii juu yake, na juu ya paji pana nafasi nne za maandishi zinazosomeka kutoka kila upande.

Matokeo yalikuwa K2, iliyoanza kuwekwa barabarani mwaka 1926. Scott alipendekeza bamba la chuma laini, rangi ya fedha kwa nje na bluu ya kijani kwa ndani. Posta ikachagua chuma cha kusubu, yaani chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na ikakipaka rangi nyekundu ili kionekane kwa mbali. Ndivyo nembo hii ya Uingereza ilivyopata rangi ambayo mbunifu wake hakuichagua. K2 ina uzito unaozidi tani moja na urefu wa karibu mita 2.8, na gharama yake iliifanya ibaki London hasa. Ziliundwa kiasi cha 1,700. Kielelezo cha awali cha Scott, kilichotengenezwa kwa mbao, bado kimesimama langoni mwa Burlington House, Piccadilly, na wapita njia wengi hukidhani ni kibanda kama vingine.

Aina zilizofuata nitazipitia upesi, kwa kuwa uwezekano wa kuzikuta kijijini kwenu ni mdogo. K3 ya mwaka 1929 ilikuwa jaribio la Scott la kurudia umbo lile kwa zege ili kupunguza gharama, ikiwa na rangi ya maziwa na fito nyekundu za madirisha. Ziliundwa maelfu, lakini nondo za ndani ziliposhika kutu, zege lilipasuka na kumeguka, na zilizosalia leo ni chache mno. Mojawapo iko katika bustani ya wanyama ya London. K4 iliyobuniwa na wahandisi wa Posta iliunganisha simu, sanduku la barua na mashine za kuuzia stempu. Ziliundwa 50 tu, kwani mashine zilipiga kelele zilizomsumbua anayeongea na simu, na stempu ziligandamana kwa unyevu. K5 ilikuwa ya mbao za kubandikwa, kwa ajili ya maonyesho ya muda. K8 ya Bruce Martin, ya mwaka 1968, yenye kioo kimoja kikubwa kila upande, ni nzuri kuliko inavyosifiwa, na kwa kuwa nyingi ziliondolewa bila majuto sasa zimekuwa adimu.

Kibanda cha kijijini, kwa sehemu kubwa, ni K6. Scott alikibuni mwaka 1935 katika kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Mfalme George wa Tano, na kuanzia mwaka 1936 Posta iliahidi kuweka kibanda katika kila kijiji chenye ofisi ya posta, hata pale ambapo mapato yasingelipia gharama. Kwa maneno mengine, K6 ndiyo iliyoipeleka simu ya umma nje ya miji. Mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 1968, ziliundwa takriban 60,000. Ni ndogo kuliko K2, ina urefu wa karibu mita 2.5 na uzito wa karibu robo tatu ya tani, na Scott aliondoa mifereji ya mapambo iliyozunguka fremu za K2, akaacha mistari iliyonyooka.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Hesabuni vioo vya upande mmoja. K2 ina safu sita za vioo vitatu vilivyo sawa. K6 ina safu nane, na katika kila safu kioo cha kati ni kipana na viwili vya kando ni vyembamba, kwa hiyo mlango na pande mbili zenye vioo vina jumla ya vioo 72. Tazameni pia taji lililo juu ya maandishi. Kwenye K2 limetobolewa ili kupitisha hewa, na kwenye K6 limechomoza tu, huku hewa ikipita kwenye upenyo ulio chini ya kioo cha maandishi. Umbo la taji hilo husaidia kukadiria umri. Taji la Tudor, ambalo matao yake yamepanda na kuviringika juu, lilitumika mpaka utawala wa Malkia Elizabeth wa Pili ulipoanza. Baada ya hapo likaja taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yanabonyea katikati. Katika miaka hiyo ya 1950 wahandisi walianza kutengeneza paji lenye nafasi ya kupachika taji kama kipande cha pekee, kwa sababu Scotland ilihitaji taji lake yenyewe na haikuwa busara kuwa na kalibu mbili za paji zima.

Nendeni na nyuma ya kibanda, mchuchumae karibu na msingi. Hapo ndipo bamba la kiwanda huwekwa, na mara nyingi limefunikwa na majani na tabaka za rangi. Mnaweza kukuta jina la Lion Foundry ya Kirkintilloch, la Walter Macfarlane na kiwanda chake cha Saracen huko Glasgow, la Carron ya karibu na Falkirk, la McDowall Steven, au la Bratt Colbran. Bamba hilo lipigwe picha kabla ya kazi yoyote kuanza, kwa kuwa vipande vya kiwanda kimoja havilingani kikamilifu na vya kingine kila mara, na fundi atakayeagiza kipande cha ziada atahitaji kujua.

Baada ya hapo, ulizeni kama kibanda kimeorodheshwa kisheria miongoni mwa majengo yanayolindwa. Ulinzi huu ulikuja kwa kuchelewa. BT ilipobinafsishwa mwaka 1984 na mwaka uliofuata kutangaza kwamba vibanda vya zamani vingebadilishwa, wapenzi wa usanifu, hasa wa jumuiya iliyoitwa Thirties Society, walianza kampeni, na mwaka 1986 serikali ikaanza kuviorodhesha. Leo vilivyoorodheshwa vinazidi 2,000. Kwa aina adimu kama K1, K3 na K4, uadimu peke yake hutosha. K6 haitoshi kuwa K6. Wataalamu wa Historic England, taasisi ya uhifadhi wa majengo ya kale, hutazama uhusiano wake na mahali, hasa kama inaonekana pamoja na majengo mengine yaliyoorodheshwa. Makanisa ya zamani ya vijiji vya Uingereza kwa kawaida yameorodheshwa, na kibanda chenu kiko karibu na kanisa. Kwa hiyo kina nafasi nzuri ya kuwa tayari kwenye orodha, au ya kustahili kuingizwa. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni na hutafutwa kwa jina la kijiji.

Hapa ndipo pendekezo la kukihamisha linapokwama. Kikiwa kimeorodheshwa, kukihamisha au kukibadilisha kwa namna inayogusa hadhi yake kunahitaji kibali maalumu cha mamlaka ya mipango, na kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai. Hata kama hakimo kwenye orodha, ningewashauri mkiache kilipo. Ninavyoona, nusu ya thamani ya K6 imo katika mahali ilipowekwa: kandokando ya posta ya zamani, kwenye njia panda, karibu na kituo cha basi, mahali ambapo mtu wa mwaka 1936 alitarajiwa kukimbilia usiku akimtafuta daktari. Mbele ya ukumbi wenu kitakuwa pambo, na atakayekuja baada ya miaka 50 hatajua tena kwa nini kijiji kilikuwa nacho. Ipo na hatari ya kazi yenyewe. Chuma cha kusubu kina nguvu kikibanwa na udhaifu kikipindwa au kugongwa, na kibanda kinachonyanyuliwa kwa mnyororo uliofungwa vibaya hupasuka kwenye pembe za fremu. Kikilazimika kuhama kwa sababu ya barabara kupanuliwa, hilo ni jambo jingine, na kazi hiyo wapewe watu wanaoifanya kila mwaka.

Kuhusu ukarabati, wajumbe wanaotaka kikwanguliwe chote wana nia njema, lakini wameanzia mwisho. Rangi mpya juu ya kibanda ambacho bado kinaingiza maji itadumu misimu michache tu. Anzeni chini. Kwa miaka mingi lami na kokoto za barabara huongezwa tabaka juu ya tabaka, mpaka msingi wa kibanda unakaa chini ya usawa wa njia na maji yanaugandia. Kutu huanzia hapo, hasa kwenye maungio ambapo kipande kimoja kimefungwa kwa bolti kwenye kingine. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, nayo ikishanaswa ndani ya ungio husukuma vipande viwili viachane kwa nguvu ambayo hakuna bolti inayoishinda. Mkiona mstari mwembamba wa rangi ya udongo ukichuruzika kutoka kwenye ungio, hiyo ndiyo dalili. Tiba ni kushusha usawa wa ardhi, kuyafungulia maji mfereji, kusafisha ungio, na kuliziba kwa lakiri inayobaki laini badala ya saruji, kwa kuwa saruji hupasuka na kuhifadhi maji palepale mlipotaka yatoke.

Kisha pandeni juu. Paa la K6 ni zito, na tatizo lake kubwa huwa ni ungio kati yake na mapaji ya maandishi, ambapo maji huingia na kudondokea kwenye taa. Nyufa katika chuma cha kusubu zisiunganishwe na fundi wa kawaida wa kulehemu magari. Chuma hiki kina kaboni nyingi, na kikipata joto la ghafla mahali pamoja hupasuka kando ya pale palipolehemiwa. Nyufa nyingi hushonwa bila moto, kwa vipingili vya chuma vinavyopachikwa kukatiza ufa. Kipande kilichovunjika kabisa ni nafuu zaidi kukiagiza upya, kwa kuwa viwanda vichache bado husubu vipuri vya K6, ingawa mimi hutanguliza kukitengeneza cha zamani kila panapowezekana.

Mlango wa K6 ni wa mbao za mtiki, mti tunaoufahamu vizuri kwetu, na kwa sababu hiyo huwa umechakaa kidogo kuliko unavyoonekana. Ukiburura chini, msikimbilie kuuranda. Chunguzeni kwanza kama bawaba zimelegea au kama kibanda chenyewe kimeinama kwa msingi kuzama upande mmoja, maana mlango ulioranduliwa kufuata kibanda kilichoinama hautafunga tena kibanda kikishasimamishwa sawa. Mshipi wa ngozi unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi urudishwe kama umekatika; bila huo, upepo wa siku moja hung'oa bawaba.

Vioo vimeshikwa na fremu ndogo zinazofungwa kwa skrubu kutoka ndani, kwa hiyo kimoja kimoja hubadilishwa bila kugusa vingine. Katika vibanda vingi vilivyotelekezwa mtakuta vipande vya plastiki vilivyogeuka manjano. Viondoeni na kurudisha kioo, na kwa zile safu za chini ambazo mtoto anaweza kuangukia, kiwe kioo cha usalama. Kioo cheupe chenye neno TELEPHONE ni sehemu ya ubunifu wa Scott, kwa kuwa huangaziwa kwa nyuma usiku, nacho kisibadilishwe kwa karatasi ya kubandika.

Sasa rangi. Kibanda kilichowekwa kati ya mwaka 1936 na 1968 bila shaka kina tabaka za rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na zaidi kwa watoto. Msiichome kwa moto wala kuisugua msasa ikiwa kavu. Isuguliwe ikiwa imeloweshwa, au ilainishwe kwa dawa ya kutolea rangi. Turubai litandikwe chini, barakoa zivaliwe, na takataka zipelekwe mahali panapopokea taka za sumu. Kabla ya kuiondoa, kwangueni mahali padogo pasipoonekana kwa namna ya ngazi, tabaka moja baada ya jingine, mpaka chuma kionekane. Nasisitiza hili kwa vijiji vya mashambani hasa, kwa sababu si kila K6 ilikuwa nyekundu. Katika maeneo yenye mandhari ya pekee wenyeji walipinga wekundu huo, na Posta ikakubali kijivu kwa mwili wa kibanda na nyekundu kwa fito za madirisha tu. Mkikuta kijivu chini kabisa, mna habari ya kijijini kwenu ambayo pengine hakuna mzee anayeikumbuka, na uamuzi wa kuirudisha au la ufanywe kwa kujua.

Ikiwa ni nyekundu, basi iwe nyekundu yenyewe, namba BS 381C-539 katika viwango vya rangi vya Uingereza. Rangi ya duka inayofanana nayo kwa jua la leo haitafanana nayo baada ya miaka mitano. Chuma kikibaki wazi hushika kutu ndani ya saa chache katika hewa ya unyevu, kwa hiyo eneo lililosafishwa asubuhi lipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu kabla ya jioni. Tabaka mbili za hiyo, moja ya kati na mbili za juu zinatosha. Kuhusu taji, mtakuta mjumbe anayetaka lipakwe dhahabu. Mwanzoni taji la K6 lilikuwa jekundu kama sehemu nyingine. Desturi ya dhahabu ilikuja baadaye na sasa watu wameizoea kiasi cha kuidhani ya asili. Siipiganii sana, ila mimi huacha jekundu, na kwenye kibanda kilichoorodheshwa ni vizuri kumuuliza afisa uhifadhi wa eneo lenu.

Kuhusu matumizi, vijiji vingi vimechagua ama maktaba ndogo ya kubadilishana vitabu, kama ile ya Westbury-sub-Mendip huko Somerset iliyoanza mwaka 2009, ama mashine ya kushtua moyo uliosimama. Napendelea hiyo ya pili kwa kijiji kilicho mbali na hospitali. Kibanda kinaonekana, kina taa, hakifungwi, na kila mtu anajua kilipo. Kasha la mashine lifungwe kwenye ubao wa nyuma, mahali simu ilipokuwa, na skrubu zisitoboe chuma. Fundi wa umeme mwenye leseni aunganishe waya wa kulipasha joto, kwa kuwa baridi kali huharibu betri na vibandiko vya kifuani. Mashine isajiliwe katika mtandao wa kitaifa uitwao The Circuit, ili wahudumu wa dharura wanaopokea simu waweze kumwelekeza mtu kwenye mashine hiyo. Ndani, mahali pa kusomeka haraka, liwekwe tangazo kwamba hapana simu na lionyeshe mahali pa karibu inapopatikana, kwa sababu neno TELEPHONE linalowaka juu bado litamvuta mtu aliyepatwa na shida usiku.

Vitabu si vibaya, ila kibanda ni sanduku la kioo na chuma. Mchana wa jua kina joto, usiku kinapoa, na unyevu huganda ndani. Watu wakiona kurasa zimejikunja hukimbilia kuziba ule upenyo wa hewa chini ya maandishi, na hapo unyevu huongezeka, vitabu hupata ukungu, na chuma hushika kutu kwa ndani ambako hakuna anayetazama. Mkichagua vitabu, rafu zisimame zenyewe bila kufungwa kwenye fremu, ziachane na pande za kibanda kwa upana wa kiganja, na upenyo ule ubaki wazi.

Imebaki karatasi. Baada ya kukabidhiwa, wajibu wote unakuwa wa halmashauri: kibanda kikimwangushia mtu kipande cha kioo, atakayedaiwa ni ninyi, kwa hiyo kiingizwe kwenye bima ya kijiji siku hiyohiyo. Someni pia kifungu cha umeme, kinachoeleza nani atalipia taa na kwa masharti gani, na kama kiwango hicho kinatosha kupasha joto kasha la mashine ya moyo. Kama hakielezi, ombeni jibu la maandishi kabla ya kikao cha kupitisha, kwa kuwa gharama ya kuleta waya mpya kutoka barabarani inaweza kuzidi gharama ya ukarabati wote.